Tunaimba Mvua Ikinyesha

Sene 24, 1971 kwa kalenda yetu. Jumapili.

Leo kanisa letu limefungwa. Kufuli ni jipya, bado lina mafuta ya dukani. Tangazo lililobandikwa mlangoni nililipiga chapa mimi mwenyewe juzi ofisini, bila kuambiwa ni la mlango gani. Jengo litakuwa ghala la mahindi la chama cha wakulima. Watu walisimama nje, vitabu vya nyimbo kwapani, wakitazamana, mpaka manyunyu yalipoanza na kila mmoja akapata sababu ya kwenda kwake.

Dada yangu Gistane hakuondoka. Alijifunika kichwani jani la enset, mgomba wetu usiozaa ndizi, akasoma tangazo mpaka mwisho, kisha akaniambia herufi zimenyooka vizuri. Sijui kama alikuwa ananisuta. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na bado naishi kwake. Siwezi kumuuliza maana ya kila neno analosema.

Nimeamua kuandika humu nikipata nafasi. Ofisini hakuna wa kumwambia neno, na sasa kanisani hakuna kanisa.

Sene 27.

Mvua. Barabara ya sokoni imekatika.

Hamle 1. Jumapili.

Tulikutana kwa Mzee Wana, mzee wetu wa kanisa. Katika sisi sote ni yeye peke yake mwenye nyumba ya bati. Nyingine zote ni za nyasi. Ndiyo sababu ilichaguliwa. Tuliingia mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kumtazama mgonjwa, tukakaa kimya tukisikiliza mbingu. Mvua ilipolipiga bati, Mzee Wana, aliyekaa dirishani, alishusha mkono, nasi tukaanza kuimba. Ikipungua anauinua, tunanyamaza. Ikirudi, tunaendelea pale tulipokatia. Wimbo mmoja ulituchukua karibu mchana mzima.

Mzee Wana alisema Mungu ametupa kinanda kikubwa kuliko kile walichotuachia wamisionari. Wanawake walicheka wakijiziba midomo.

Mimi naimba sauti ya besi, na wakati mwingine najisahau. Gistane alinigeukia. "Punguza, mdogo wangu," alisema. "Hata radi ina kipimo chake."

Hamle 2. Jumatatu.

Mkutano wa asubuhi. Kila Jumatatu wafanyakazi wote tunapangwa uani, na Ndugu Asrat, kada wetu, anasimama kwenye ngazi. Ametoka mji mkuu. Ni mrefu, mpole wa sauti, hajawahi kunifokea hata siku moja, na kila akinipita shingo yangu inakuwa baridi. Tunainua ngumi ya kushoto na kuitikia: juu ya yote, mapinduzi.

Ngumi nainua. Midomo naichezesha. Sauti siitoi. Nimefanya hivyo tangu mwaka jana, nami nilidhani hakuna anayejua. Leo Mengesha, karani mwenzangu, alininong'oneza tulipokuwa tunarudi mezani.

"Unapiga kaulimbiu kama samaki."

Nilimuuliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote, anapenda samaki tu.



Hamle 9.

Mengesha ameniuliza Jumapili huwa nakwenda wapi. Nimemwambia huwa niko na dada yangu. Si uongo. Lakini nimeanza kuifunga droo yangu kwa ufunguo, ingawa ndani hamna kitu ila kalamu.

Hamle 14.

Wamemwita Gistane mbele ya mkutano wa wanawake wa kebele, serikali ya mtaa wetu. Yeye huuza siagi sokoni, anajulikana, na mtu aliona kwamba mkono wake hauinuki. Mwenyekiti alimuuliza kwa nini, mbele ya wote. Nimesimuliwa na mwanamke aliyekaa nyuma yake, na aliponisimulia alikuwa akitazama nyuma kila mara.

Gistane alisema: "Mapinduzi sawa. Tumepewa ardhi, nashukuru. Nchi ni yangu, nitailimia. Lakini hapo mnaposema juu ya yote, hapo pana Mwenyewe. Siwezi kumkalisha mwingine."

Mwenyekiti alicheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Wamemfutia huduma ya duka la kebele: hapati chumvi, sukari wala mafuta ya taa.

Jioni nilimkuta anatikisa kibuyu cha maziwa kama kawaida. Nilimwambia angeweza kuchezesha midomo tu, Mungu anaujua moyo. Alisimamisha kibuyu.

"Wewe ndivyo unavyofanya?"

Nilisema nauliza tu. Akaendelea kutikisa.

Hamle 15. Jumapili.

Mvua nzuri, ndefu. Tumeimba nyimbo sita bila kukatika. Chakula cha nyumbani hakina chumvi.

Hamle 23.

Ndugu Asrat ameniita ofisini kwake. Aliagiza chai mbili. Aliuliza habari za dada yangu, akasema ni mwanamke mwenye msimamo, mapinduzi yanawahitaji watu wa namna hiyo, basi tu wameelekezwa vibaya. Aliyasema kwa upole, kama daktari anayezungumzia uvimbe. Kisha akasema amesikia nina sauti.

Sikuuliza amesikia kwa nani. Nilitazama kikombe.

"Tarehe mbili Meskerem tunasherehekea mapinduzi," alisema. "Uwanja utajaa, watakuja watu kutoka mkoani. Nataka kijana wa hapa aongoze kaulimbiu kwenye kipaza sauti, mtu anayezungumza kama wenyeji. Sauti yako ni mali ya umma, Ndugu Sorsa. Umekaa nayo muda mrefu peke yako."

Nilisema: "Sawa, ndugu."

Maneno mawili tu, na yalitoka upesi, kana kwamba yalikuwa yamesimama mlangoni yakingoja. Nilipotoka Mengesha aliniuliza kada alitaka nini. Nikamwambia, naye akapiga mluzi. Nadhani ni yeye aliyesema habari za sauti yangu. Nani mwingine angeijua?

Hamle 24.

Sijamwambia Gistane.

Nehase 1.

Mfungo wa Mengesha umeanza. Yeye ni wa kanisa la zamani, la Orthodox, na hata siagi haigusi mpaka sikukuu ya Bikira. Leo alinitazama nikila mkate wangu wenye siagi, akasema sisi watu wa Injili tunaweza kukataa serikali nzima lakini siagi inatushinda. Sikucheka. Sasa kila utani wake nautafuta ndani, kama mtu anayechambua dengu akitafuta mawe.

Nehase 9.

Mazoezi uwanjani. Tope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Walinipa kipaza sauti. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa mbele, Ndugu Asrat pembeni na mwavuli.

Nilidhani nitachezesha midomo. Nilikuwa nimesahau kwamba kwenye kipaza sauti midomo haisaidii kitu.

Nilisema. Nilisema yote, juu ya yote, kwa sauti yangu yote, na ilitoka nzuri. Hilo ndilo linaloniumiza. Ilitoka kifuani bila kukwaruza, ikafika mpaka mlima Damota ikarudi, na watoto wakaitikia kama wimbi. Ndugu Asrat alinipigia makofi chini ya mwavuli. Nilitabasamu. Sikulazimishwa kutabasamu.

Nehase 10.

Habari imeshafika sokoni. Gistane alipika kocho leo, mkate wa enset, akaichoma vizuri, akaipaka siagi na pilipili, akachemsha majani ya kahawa kwa tangawizi kama ninavyopenda. Aliomba kabla ya kula, akamshukuru Mungu kwa ajili yangu akinitaja jina, na hakusema neno jingine. Afadhali angenipiga.

Nehase 13. Jumapili.

Sikwenda kwa Mzee Wana. Nilisema nina homa.

Nehase 18.

Jua lilitoka mpaka saa nne. Sokoni kila mtu alikuwa na furaha. Mimi nilisimama nikitazama bati la Mzee Wana likikauka.

Nehase 22.

Mvua kidogo jioni. Mzee Wana alinikuta njiani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia kiti changu kipo. Nilimwambia mvua zinaisha, wangoje tu mpaka mvua za mwakani. Akasema yeye ni mzee, mwakani ni mbali sana.

Nehase 27. Jumapili.

Nitajitahidi kuweka mambo kwa mpangilio.

Nilikwenda. Nilifika nikiwa nimechelewa, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Gistane alikuwa mbele, mgongo kwangu. Mvua ilikuwa kubwa kweli, ya kuaga, bati likinguruma hata usingesikia mtu aliye kando yako akikohoa. Mzee Wana alishusha mkono. Waliimba ule wimbo wa ubatizo wenye beti ndefu, ambao kwetu hakuna anayeukatiza katikati ya ubeti, kwa sababu jina la Mungu linakuja mstari wa mwisho, na wazee walitufundisha tangu utotoni kwamba ukianza ubeti huo lazima ufike penye Jina.

Walikuwa mstari wa kwanza wa ubeti wa tatu mvua ilipokoma. Haikupungua. Ilikatika kama nguo kwenye mkasi.

Niliuona mkono wa Mzee Wana ukipanda. Nikafunga mdomo. Nilidhani wote watanyamaza. Hawakunyamaza. Huenda wengine walikuwa wamefumba macho. Lakini Gistane alikuwa amemkabili mzee, aliuona mkono, na aliendelea. Mzee mwenyewe, mkono ukiwa bado juu, aliendelea. Waliimba mistari mitatu iliyobaki katika ukimya ule, mji mzima umetulia, matone yakidondoka barazani, mpaka wakafika penye Jina. Hapo wakanyamaza. Katika nyumba nzima ni mdomo mmoja tu uliokuwa umefungwa tangu mkono ulipopanda, wangu.

Kisha tulisikia mtu akipiga viatu kwenye jiwe la mlango kutoa tope.

Walikuwa walinzi wawili wa kebele wenye bunduki. Walikuwa wamejibanza chini ya upenu wa nyumba kukwepa mvua, na sisi hatujui walikaa pale tangu lini. Hakuna aliyewatuma. Mmoja, yule mfupi, alionekana kuaibika, kama mtu aliyeingia chumba ambamo watu wanavaa. Alisema afadhali asingesikia, lakini amesikia na mwenzake amesikia, sasa afanyeje. Akatuambia tusimame.

Waliwatoa nje mmoja mmoja. Mzee Wana aliomba avae koti, akakubaliwa. Walipofika kwangu, yule mrefu alinishika bega, akaniinua uso kwa kidole.

"Huyu mwache," alisema. "Si yule wa kipaza sauti? Huyu wetu."

Nilisubiri kusikia sauti yangu ikikanusha. Gistane alikuwa mlangoni, amegeuka, ananitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama anga asubuhi kabla ya kwenda sokoni, kujua siku itakuwaje.

Sikusema kitu. Wakaondoka nao. Nilibaki peke yangu na viti.

Nehase 28. Jumatatu.

Niliinua ngumi ofisini. Sikuchezesha hata midomo.

Mengesha alinifuata nyuma ya ghala la mbolea. Alisema pole kwa ajili ya dada, kisha akasema: "Ulikuwa unadhani ni mimi."

Nilianza kukwangua tope kwenye kiatu.

"Kada alikusikia mwenyewe, mwaka jana, kwenye mazishi ya mama yake mwenyekiti wa kebele. Uliimba mpaka akauliza jina lako. Na mimi ningetaka kusema, ningesema siku ile ya samaki."

Nilimuomba msamaha. Akasema msamaha nimuombe samaki. Halafu uso wake ukabadilika, akaniambia nisifanye ujinga. Yeye kila Jumatatu huinua ngumi ya kushoto, na mkono wa kulia uko mfukoni unafanya ishara ya msalaba, na Jumapili anamweleza padri. Mungu si mlinzi wa kebele, alisema, hajibanzi chini ya upenu kusikiliza. Ni maneno mazuri. Nimeyageuza kichwani siku nzima, na ningeyachukua, kama nisingeisikia ile mistari mitatu.

Pagume 1. Mwezi wa siku sita tu, wa kufunga mwaka.

Wafungwa wanapikiwa na jamaa zao. Nimepeleka kocho gerezani. Sikuruhusiwa kumwona mtu.

Pagume 3.

Tena. Hakuna mvua. Anga lote ni buluu, na mji umekuwa na masikio.

Pagume 4. Jumapili.

Leo hakuna aliyekutana popote.

Pagume 5.

Ndugu Asrat ameniita. Chai tena. Ametoa mpango wake taratibu, akiupanga mezani kama mtu anayekutandikia kitanda. Wafungwa wataletwa uwanjani siku ya sherehe, wapangwe mbele ya jukwaa. Mimi nitaita kaulimbiu. Atakayeinua mkono na kuitikia atarudi nyumbani jioni hiyohiyo. Asiyeinua atapelekwa mkoani.

Nilimuuliza huko mkoani watafanywa nini. Aliirekebisha saa yake mkononi. Tunajua sote. Kutoka bonde lile la jirani walipelekwa watu wakati wa mahindi mabichi, na mpaka leo jamaa zao hawajaambiwa wapeleke chakula wapi.

"Ndiyo maana nimekuchagua wewe," alisema. "Kwangu mimi watakataa. Lakini dada atamnyima mdogo wake? Nakupa nafasi ya kumwokoa, Ndugu Sorsa. Wengine hawapati."

Kinachonitisha ni kwamba nadhani alikuwa anasema kweli. Anaona ni wema.

Pagume 6.

Nilipewa ruhusa ya kumwona, bila shaka kwa amri yake. Tulizungumza kwenye uzio. Gistane amekonda. Jino la mbele la Mzee Wana halipo, na dada alinielekeza nimpikie uji badala ya kocho. Nilimweleza mpango wote. Nilimwambia nitaita, na yeye ainue mkono, mara moja tu, kisha twende nyumbani, Mungu anaujua moyo.

Alinitoa majani ya uzio kwenye mkono wa shati, moja moja.

"Na usipoita?"

Nilisema watanitia ndani, na yeye watamchukua vilevile. Kunyamaza kwangu hakutamwokoa. Nikasema, kama anataka ninyamaze, nitanyamaza, kwa ajili yake.

Hapo alikasirika. Tangu utotoni sijamwona amekasirika vile.

"Usiite kwa ajili yangu, na usinyamaze kwa ajili yangu. Ukininyamazia mimi, umeniweka mimi pale juu. Pale nitaanguka, Sorsa. Mimi ni muuza siagi."

Kisha akauliza kama nimekumbuka kumfunika kuku wake kwa tenga.

Meskerem 1, 1972.

Mwaka mpya. Wasichana wamepita na maua ya manjano wakiimba mlango kwa mlango. Nimewapa mkate. Nimejaribu kusali, na sijaomba kitu. Nimekaa tu mbele zake, kama kwenye benchi la ofisi ya watu.

Meskerem 2. Alasiri.

Niko nyumbani, nikiwa huru, na hilo silielewi.

Uwanja ulijaa. Bendera, wanajeshi kutoka mkoani, kiti cha kila mkubwa na kitambaa chake. Wafungwa walikuwa mbele, wamepangwa, Gistane wa pili kutoka kushoto. Alikuwa ametazama chini. Nadhani alifanya hivyo kwa makusudi, nisije nikausoma uso wake.

Ndugu Asrat alinitaja jina. Nilipanda.  Nilishika kipaza sauti. Sikuwa na hotuba. Sikujisikia jasiri hata kidogo. Nilijua tu kwamba mahali pale pana Mwenyewe, na nililijua hilo si kwa sababu ya dada. Ningelijua hata kama dada angeinua mikono yote miwili.

Nikasema: "Siwezi."

Kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeombwa kubeba mzigo uliomzidi. Kipaza sauti kikalipeleka neno mpaka Damota, nalo likarudi.

Hakuna aliyenipiga. Ndugu Asrat alinichukulia kipaza sauti mkononi polepole, akatabasamu, akaita mwenyewe, na uwanja mzima ukaitikia. Mbele, wawili waliinua mkono. Wale watu nawapenda, na sitawaandika majina. Mzee Wana hakuinua. Gistane hakuinua. Sasa alikuwa ameinua uso. Nilishuka ngazi, na watu wakanipisha njia pana, pana kuliko inavyohitaji mtu mmoja, na nikatembea mpaka nyumbani bila kuzuiwa.

Mengesha alikuja saa tisa, kupitia shamba la enset. Alisema gari la mkoani litaondoka kesho alfajiri na wafungwa, na kwamba amesikia Ndugu Asrat akiagiza nafasi moja zaidi. Hawanikamati mbele ya watu, wageni wapo. Watakuja baada ya giza. Binamu yake anaendesha lori la kahawa, liko nyuma ya kinu, linaondoka saa kumi na mbili. Alikuwa akilia, naye alikuwa amekasirika kwamba analia. Aliniita mjinga, mtoto wa wajinga, akaniambia nichukue koti.

Nilimkumbatia. Nilimwambia amchukue kuku.

Lori litaondoka bila mimi, na huko gerezani siendi kwa ajili ya Gistane. Nimejipima vizuri, kwa kadiri mwoga anavyoweza kujipima. Ila wakija watanikuta chini ya kitanda, najijua, na chini ya kitanda huenda wakaniuliza tena nami nikajibu vingine. Afadhali nifike kwa miguu yangu wakati bado nina jibu moja.

Uji wa Mzee Wana umeiva. Kocho nimeifunga katika majani, mafungu mawili. Mlinzi wa jioni huwa hapokei chakula mpaka aambiwe kila fungu ni la nani. Nitamwambia hili la dada yangu, uji wa mzee, na hili jingine ni langu.